Kufua Chuma kwa Kujifurahisha: Mwongozo kutoka Ufuo wa Mweru

Katika ufuo wa ziwa Mweru, upande wa Zambia, kazi ya mbao haina mwenyewe. Kuanzia soko la Kashikishi, pale Nchelenge, hadi vijiji kama Kabuta, mvuvi hujichongea kasia, mkulima hujitilia mpini wa jembe, kijana hujiundia kigoda, na hakuna kati yao anayejiita seremala. Kazi hufanyika jioni mbele ya nyumba, mazungumzo yakiendelea. Chuma hakina watu wa namna hiyo. Wahunzi wapo, mafundi bati wapo, wachomeleaji wapo, lakini wote hao wako kazini: ukimwona mtu na nyundo na fuawe, ujue kuna mteja anayesubiri.

Dar es Salaam na Nairobi hali ni hiyohiyo, na hata Ulaya na Marekani, ambako zana zimejaa madukani, wanaochonga mbao kama hobi ni wengi kuliko wanaofua chuma. Sababu zake si fumbo. Tena kila sababu humwonyesha anayetaka kujaribu mahali pa kuanzia, ndiyo maana mwongozo huu unatangulia kuzieleza kabla ya kufika kwenye zana na moto.

Mbao humtosha mtu mmoja

Mutisya Munge alikuwa Mkamba wa Wamunyu, Kenya. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Tanganyika, na huko akawaona wachonga vinyago kazini. Aliporudi kwao akaanza kuchonga, jamaa na majirani wakaiga, na Wamunyu ikawa chimbuko la biashara ya vinyago vya Kikamba inayojulikana Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Yote hayo yalitoka kwa mtu mmoja mwenye zana chache za mkono na gogo. Hakuhitaji tanuri wala mtu wa kumvukutia.

Chuma hudai zaidi tangu siku ya kwanza. Mninga, mti ambao Zambia huuita mukwa, ukiwa mkavu una uzito wa gramu 600 hivi kwa ujazo wa lita moja. Chuma cha ujazo huohuo kina kilo 7.8. Msumeno hupita kwenye mbao kwa sababu meno yake ni magumu kuliko mbao kwa mbali sana. Chuma hukatwa na chuma kingine kilichokizidi ugumu kwa kiasi tu, kwa hiyo tupa hula polepole na yenyewe huchakaa. Njia ya mkato ni moto. Chuma kikifika nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, kikawa na rangi ya chungwa, hukubali nyundo, lakini kipande chembamba hupoa ndani ya sekunde chache baada ya kutoka kwenye makaa. Katika sekunde hizo mtu anahitaji kitu kizito cha kufulia, koleo la kushikia, na hewa isiyokatika kwenye makaa ili joto lisubiri awamu inayofuata. Mikono miwili haitoshi. Mhunzi wa jadi alikuwa na mtu wa mivukuto, na mara nyingi mwingine wa nyundo kubwa.

Chuma kina jambo moja la kumfariji anayeanza. Mbao ikikatwa fupi imekwisha. Chuma kilichopindwa vibaya hurudi motoni na kunyoshwa. Kinachopotea ni mkaa na jasho.

Moto uliokuwa wa ukoo, kisha wa kampuni

Uzito na joto havielezi kila kitu. Kabla ya majembe ya viwandani kutoka Ulaya kujaa sokoni, uhunzi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ulikuwa mali ya koo, na ulilindwa kwa siri na miiko. Ufipani, kusini-magharibi mwa Tanzania, chuma kiliyeyushwa katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, na masalia ya baadhi yake bado yamesimama. Upareni, Washana walijulikana kwa uhunzi, na kuna wakati nguvu za utawala zilikuwa mikononi mwao. Kwa Wamasai mambo yalikuwa kinyume: wahunzi, il-kunono, walitengwa hata katika ndoa. Heshima au dharau, matokeo yalikuwa mamoja. Mtoto wa ukoo mwingine hakusogea kwenye moto kujaribu mkono wake.

Maarifa yaliyofungiwa namna hiyo hupotea haraka. Mtafiti Peter Schmidt alipotaka kuuona uyeyushaji wa Wahaya katika miaka ya 1970, ilibidi watafutwe wazee waliojua kazi hiyo ya zamani, na tanuri ijengwe upya. Filamu ya mwaka 1988, The Tree of Iron, inaonyesha ni watu wangapi waliohitajika: wa udongo, wa mkaa, wa mawe ya chuma, wa mivukuto.

Mweru nako metali ilikuwa ya wakubwa. Ufalme wa Mwata Kazembe, ambao makao yake leo yako Mwansabombwe, ulikuwa kwenye njia ya shaba na chumvi ya Katanga. David Livingstone alipofika huko Novemba 1867 alimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Saleh, aliyekwisha kuishi hapo miaka mingi. Ng'ambo ya ziwa na mto Luapula, mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alipoandika juu yao mwaka 1926, akiwaita "wala shaba", kazi yao ilikuwa imekwisha kufa. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911. Baadaye ikafunguka migodi ya Copperbelt, huko Luanshya, Kitwe na Mufulira. Samaki wa Mweru na Luapula waliwalisha wachimbaji, na vijana wa Luapula wakaenda kuchimba. Kwao metali ikawa king'ora, zamu na mshahara. Mtu aliyetoka zamu aliona raha zaidi kukaa na kipande cha mti kuliko kurudi kwenye moto.

Kwa anayeanza leo, historia hiyo ina ushauri mmoja wa vitendo: asianze peke yake, na asianze na moto.

Hatua ya kwanza: bati

Bati halihitaji jiko wala fuawe. Zana ni mkasi wa bati, nyundo ndogo, msumari wa kutobolea, koleo dogo la mkono na kipande cha chuma chenye pembe iliyonyooka cha kukunjia. Malighafi ni debe la mafuta ya kupikia au kopo la rangi lililosafishwa. Fundi bati yeyote sokoni atamwacha mtu atazame, na kwa saa moja ya kutazama utajifunza jambo kuu la ufundi huo: kikunjo. Ukingo wa bati hukunjwa, hunaswa na ukingo mwingine uliokunjwa kinyume, kisha hupigwa mpaka vibanane bila gundi wala risasi.

Anza na faneli. Ni koni moja na mrija mmoja, na itakuonyesha mara moja kama vipimo vyako ni sahihi. Kata mfano wake kwanza kwenye karatasi ngumu, uukunje uone, ndipo uchore kwenye bati. Ukimaliza faneli mbili zisizovuja, jaribu mbaula, lile jiko la mkaa ambalo upande wa Kongo huliita mbabula. Hapo utajifunza kutoboa kwa mpangilio, kukunja ukingo ili usimkate mpishi, na kukaza miguu kwa ribiti.

Onyo moja lisisubiri. Pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli au kemikali lisikatwe kwa patasi, grainda wala moto na mtu anayejifunza. Mvuke uliobaki ndani hulipuka hata pipa likionekana kavu.

Hatua ya pili: shaba

Shaba ni mwalimu mpole. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, lakini haihitaji joto hilo ili kufanyiwa kazi. Hufuliwa ikiwa baridi. Kadiri inavyopigwa ndivyo inavyokuwa ngumu, na ikiendelea kupigwa hupasuka. Dawa yake ni kuipasha hadi iwe nyekundu iliyofifia, kisha kuitia majini. Chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha kikifanyiwa hivyo hukakamaa. Shaba hulainika na kuanza upya. Makaa ya mbaula yanatosha kabisa.

Kazi ya kwanza ni bangili. Waya mnene wa shaba, wa milimita 4 au 5, hunyoshwa, hupigwa ncha zote mbili ziwe bapa, hupashwa moto, kisha huzungushwa kwenye mpini wa mviringo. Msasa na majivu huing'arisha. Kazi ya pili ni kusokota nyaya mbili kwanza, ndipo uzipinde.

Waya huo ununuliwe mahali panapojulikana. Wizi wa nyaya za umeme ni kosa zito Zambia, Tanzania na Kenya, na anayekutwa na shaba isiyo na maelezo huhesabiwa pamoja na mwizi.

Hatua ya tatu: jiko la mhunzi

Sasa moto. Jiko dogo ni shimo la upana wa sentimita 25 na kina cha 12 hivi, lililosiribwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu. Bomba la chuma huingia ubavuni karibu na sakafu kupeleka hewa. Udongo uachwe ukauke vizuri kwanza, kisha upashwe taratibu kwa kuni ndogo, la sivyo utapasuka.

Hewa inaweza kutoka kwenye mivukuto ya ngozi, lakini mafundi wengi wa Afrika Mashariki hutumia feni ndogo ya kuzungusha kwa mkono, inayoendeshwa kwa mkanda kutoka kwenye rimu ya baiskeli. Faida yake ni kwamba haitegemei umeme. Mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya Kariba, mgawo wa umeme Zambia ulichukua sehemu kubwa ya siku, na mashine za kuchomelea zilikaa kimya. Jiko la mkaa halikuhusika na hilo.

Fuawe ya dukani ni ghali na si lazima. Kipande kinene cha ekseli ya lori, kikisimamishwa ndani ya gogo lililozikwa nusu ardhini, hufanya kazi vizuri. Kimo chake kifike kwenye vifundo vya ngumi yako ukiwa umesimama mkono ukining'inia; kikiwa chini zaidi mgongo utalipa. Nyundo ya kilo moja inatosha. Nyundo nzito humchosha mgeni kabla hajajifunza kulenga.

Mahali pa jiko pachaguliwe kwa upepo. Upepo wa ziwani hubeba cheche, na vijijini kuna paa za nyasi na nyavu za nailoni zilizoanikwa. Jenga upande ambao upepo hautapeleka cheche kwenye nyumba, weka ndoo ya maji na nyingine ya mchanga, na usiache makaa bila mtu.

Kazi za kwanza motoni

Kata nondo ya milimita 8 kwa urefu wa sentimita 20. Pasha ncha moja hadi rangi ya chungwa, iweke kwenye fuawe, uipige huku ukiizungusha robo kwa robo mpaka ichongoke. Rangi ikififia kuwa nyekundu ya giza, rudisha motoni. Ukiendelea kupiga chuma kilichopoa utakipasua na kuumiza kiwiko chako. Fanya hivyo ncha ya pili. Kisha pinda ncha moja upande huu na nyingine upande ule, upate kulabu ya kutundikia taa au kikapu. Tengeneza nyingi mpaka zilingane bila kupima.

Koleo lako mwenyewe lifuate. Litakuwa baya, na litashika.

Baada ya hapo unaweza kugusa chuma kinachoshika makali. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo na haifai kwa kisu. Springi ya gari ina takriban asilimia 0.6 ya kaboni, na tupa kuukuu hufika asilimia moja au zaidi. Ukishaunda patasi kutokana na springi, ipashe ncha taratibu huku ukiijaribu kwa sumaku ya spika mbovu. Chuma kikikaribia nyuzi 770 huacha kuvutwa na sumaku. Ongeza joto kidogo tu, kisha chovya katika mafuta ya kupikia. Mafuta machafu ya injini hutoa moshi wenye sumu, na maji yanaweza kukipasua.

Patasi iliyotoka kwenye mafuta ni ngumu lakini huvunjika kirahisi. Isugue kwa jiwe hadi ing'ae, uipashe polepole kuanzia upande wa mpini, uangalie rangi zinazotembea kuelekea ncha: kwanza ya majani makavu, kwenye nyuzi 230 hivi, kisha kahawia, zambarau, na buluu karibu na nyuzi 300. Kisu kisimamishwe kwenye rangi ya majani makavu. Patasi na tezo, zinazopigwa, zisubiri kahawia inayoelekea zambarau.

Metali za kukaa mbali nazo

Hatari ya kwanza ni risasi, na ufuoni ndiyo yenye kushawishi zaidi. Huyeyuka kwenye nyuzi 327, yaani hata moto wa jikoni unaweza, na wavuvi huihitaji kwa vizito vya nyavu. Betri kuukuu za magari ndiko inakopatikana. Usiyeyushe betri nyumbani kwa hali yoyote. Vumbi lake huingia kwenye udongo, mikono na chakula, na huharibu ubongo wa watoto. Zambia inalijua jambo hili kupitia Kabwe, ambako mgodi ulifungwa mwaka 1994 lakini udongo wa mitaa ya jirani ungali na sumu. Mombasa inalijua kupitia Owino Uhuru: kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Vizito vya udongo uliochomwa au mawe havina kesi.

Ya pili ni zinki, ile inayofunika mabati na mabomba mengi yasishike kutu. Ikichomwa hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa, baridi na maumivu ya kifua saa chache baadaye. Chuma chenye zinki kisitiwe motoni.

Ya tatu ni alumini. Masufuria ya kuyeyushwa hutengenezwa kutoka kwenye vyuma chakavu sehemu nyingi, na kazi huonekana nyepesi kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Lakini tone la maji ndani ya kopo au kwenye ukungu wa mchanga uliolowa hugeuka mvuke ghafla na kurusha metali ya moto usoni. Alumini pia haing'ai vizuri mchana kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho haliwezi kuonya. Iachwe mpaka upate fundi wa kusimama naye.

Kwa kazi yoyote, vaa miwani ya kinga, viatu vilivyofunika vidole na nguo za pamba. Nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Watu na majira

Zambia hufunga uvuvi katika sehemu kubwa ya maji yake kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Kwa mvuvi ambaye usiku wake wa kawaida huishia ziwani, huo ndio wakati wa kujifunza. Ni majira ya mvua, kwa hiyo jiko liwe chini ya paa la bati lililo wazi pande zote. Zana zipakwe mafuta kila jioni, kwani unyevu wa ufuoni huleta kutu kwa usiku mmoja.

Watu watatu au wanne wakichangia jiko moja, mkaa hupungua, mivukuto hupata mwenyewe, na kila mmoja hupata zamu ya kutazama. Zana ghali, kama jiliwa na tupa nzuri, zinunuliwe kwa pamoja. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kutafuta mafunzo katika vyuo vya ufundi vilivyosajiliwa: Zambia chini ya TEVETA, na Tanzania kupitia VETA.

Kikundi kikiweza kutia makali bila kuvunja, kimwendee fundi wa mashua. Yeye ndiye anayemhitaji mhunzi kuliko mtu yeyote ufuoni, kwa kuwa mbao zake zote hupita chini ya tezo na patasi. Mpeni bamba moja la tezo alitumie kwenye mbao ngumu kwa wiki nzima, kisha likaguliwe mbele yake. Likiwa limemeguka kwenye makali, lisugueni tena na kulipasha hadi rangi ielekee zaidi kwenye buluu. Likiwa limejikunja, halikuwa gumu vya kutosha: lirudi motoni hadi sumaku iliachie, lichovywe upya, na safari hii lisimamishwe rangi ikiwa bado kahawia.